Diski Haikuwa Imekufa

“Mwalimu, diski yako ilikuwa imeshakufa.”

Nilisema hivyo Januari 2017, saa kumi jioni, nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta ya steshenari yangu hapa Kilema, kwenye mlima Kilimanjaro. Haikuwa kweli. Diski ilikuwa nzima, na leo ninapoandika haya bado nzima. Kilichotokea ni kwamba mimi mwenyewe, mchana kweupe, nilikuwa nimefuta kazi aliyoifanya yule mzee kwa miaka zaidi ya mitatu. Kisha nikadanganya, na uongo ule ukaharibu vitu ambavyo kosa lenyewe lilikuwa limeviacha.

Ameniruhusu kuandika kwa sharti moja: nisimtaje jina. Nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu huku kwetu. Alifundisha shule za msingi za mlimani mpaka akastaafu, na wengi tunaomwamkia barabarani tulipita mikononi mwake.

Sina budi kuanza na Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, maana pasipo kueleza nilivyoipenda, haitaeleweka kwa nini nilisema uongo.

Steshenari ya kijijini ni mahali ambapo flashi za watu wote hukutana. Anakuja muuguzi na fomu zake, anakuja mwanafunzi na ripoti ya mafunzo, inakuja familia yenye msiba na ratiba ya mazishi inayotakiwa kabla ya saa nne, wanakuja wenye kadi za kipaimara na za michango ya harusi. Kila flashi ilikuja na virusi vyake. Aliyewahi kufanya kazi hii miaka ile anavijua vile vya shotikati: unafungua flashi, folda zote zimegeuka vijialama vya mshale, ukibonyeza hakuna kitu, na ukijaribu kwenye mashine nyingine nayo inaambukizwa. Kompyuta zangu mbili zilikuwa zinapigwa Windows upya karibu kila mwezi, ya kunakili, isiyolipiwa, na fundi akichukua chake kila safari.

Mwaka 2012 rafiki yangu wa Moshi mjini alinipa sidii ya Ubuntu 12.04, aina mojawapo ya Linux. Nilikaa nayo wiki nzima bila kuigusa. Kisha akaja binti aliyekuwa anasomea uuguzi, flashi yake yote shotikati, na ripoti ilikuwa ya kupelekwa kesho yake. Nikaiwasha kompyuta kwa ile sidii, nikachomeka flashi. Faili zake zote zilikuwa pale, wazi, kwa majina yake. Virusi vilikuwa vimezificha kwa alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Nikafuta mishale, nikanakili ripoti, nikachapa. Yule binti alilia, na mimi niliona nimepata kitu cha kushika maisha yangu yote.

Tangu hapo sikurudi nyuma. Nilifanya kila kitu kwa Linux: barua, hesabu za duka, kuskani, kuchapa, muziki wa jioni. Umeme wa huku ulipokatika katikati ya kazi, mashine iliporudi iliwaka kama haikuguswa. Nilipokuja kujua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, nilijisikia nimeingia kwenye jambo la heshima ambalo watu wetu walilitolea jasho. LibreOffice iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010 bado ina Kiswahili, na nilikuwa nakiwasha kwa kila mteja aliyekubali.

Linux haikukosa mapungufu. Kuna printa moja ya leza iliyoenea madukani ambayo nilihangaika nayo siku mbili kabla haijatoa karatasi ya kwanza. Kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher zilifunguka zimevurugika. Barua iliyoandikwa kwa herufi za Calibri ilifunguka kwa herufi nyingine za kufanana nazo, zinazoitwa Carlito, na hizo zisipokuwepo jedwali linasogea na sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili. Hayo niliyajua yote. Nilikuwa siyasemi. Mtu akiniuliza Linux ina shida gani, nilimjibu haina. Nikawa mhubiri, nikahama kutoka duka langu kwenda kwenye mashine za watu: ya kiongozi wa kwaya, ya karani wa chama cha msingi cha kahawa, za vijana wa chuo. Kila aliyekubali nilimhesabu moyoni.

Mwalimu alinunua kompyuta yake Moshi mwaka 2013, Dell OptiPlex 780 iliyotumika, iliyokuwa ya ofisi fulani huko ilikotoka. Aliinunua kwa ajili ya kazi moja. Alikuwa anaandika habari za mifongo.

Kwa asiyekuwa wa mlimani, mfongo ni mfereji wa asili unaotoa maji mtoni juu kabisa na kuyaleta kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ukipita kwenye kingo ambazo ukizitazama hutaamini kwamba waliozichonga hawakuwa na kipimo chochote zaidi ya macho yao na maji yenyewe. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliisifu katika kitabu chake juu ya Kilimanjaro cha mwaka 1924. Mingine ni ya kale kuliko misheni ya Kilema, na misheni ilianza 1890. Kila mfongo una ukoo uliouchimba, una banio lake, una siku za kuufukua ambazo asiyefika hutozwa, na una zamu: nani anafungulia maji Jumatatu asubuhi, nani usiku wa Alhamisi. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa vichwani mwa wazee, na wazee walikuwa wanaondoka, na watoto wao wako Dar wakija Krismasi tu.

Basi Mwalimu alipita kihamba kwa kihamba na madaftari, akikaa na kila meku, yaani mzee, aliyebaki, akiuliza na kuandika. Jioni alichapa kwa vidole viwili. Alikuwa pia na kamera ndogo, akipiga picha za mabanio na za wazee wenyewe wamesimama kando ya maji. Mara moja tu alikuja kuchapisha sehemu moja kwangu, kurasa tisa, za mfongo unaopita nyuma ya nyumba yake. Nilizisoma zikitoka kwenye printa. Ilikuwa kazi ya kweli.

Siku ile ya kurasa tisa nilimwambia neno ambalo sijalisahau. Nilimwona ameshika madaftari yake kwenye mfuko wa rambo, yameliwa pembe na mende. Nikamwambia, “Mwalimu, daftari linaoza. Kompyuta haiozi.” Alinisikiliza. Daftari lililokwisha kuingizwa kwenye kompyuta lilipelekwa jikoni, na mama nyumbani akawa anawashia moto.

Januari 2017 mjukuu wake alileta ile mashine dukani kwa bodaboda, imefungwa kwenye kanga. Ujumbe ulikuwa kwamba imekuwa nzito, niisafishe virusi. Ni hivyo tu. Mwalimu hakuomba Linux. Mimi ndiye niliyeamua kwamba nitamfanyia jambo kubwa zaidi ya aliloomba, kwamba akiiwasha nyumbani ataona menyu za Kiswahili na mashine nyepesi kama mpya, na atashangaa. Hata simu sikumpigia.

Niliwasha kwa flashi ya Linux Mint 18. Nikanakili kwenye diski yangu ya nje folda ya nyaraka, ya picha, na vilivyokuwa mezani mwa Windows. Barua, picha za kipaimara, hesabu za ng'ombe. Niliona pia kwamba diski ina sehemu nyingine, nikadhani ni ile ya kiwandani ya kurejeshea Windows. Sikuifungua. Ilikuwa diski D.

Fundi aliyemuuzia mashine alikuwa amemfundisha vizuri. Alimwambia: kazi zako za maana weka D, maana siku Windows ikipigwa upya, C inafutwa na D inabaki. Kila fundi wa Tanzania anajua hilo, na mimi nalijua. Mwalimu alifuata maelekezo kwa uaminifu miaka yote. Mifongo yote ilikuwa D.

Programu ya kusakinisha iliniuliza kama niweke Mint kando ya Windows au nifute diski nzima. Nikachagua kufuta. Ikaniletea orodha ya sehemu zitakazoandikwa upya, ikaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nilikuwa na wateja wawili wa fotokopi wamesimama. Nikabonyeza kuendelea.

Baada ya dakika ishirini na kitu ilikuwa imekwisha. Nikarudisha zile nyaraka, nikafungua folda moja moja nione kama zimekaa sawa, na ndipo nikatafuta mifongo. Nikatafuta kwenye diski ya nje. Nikatafuta kwa jina. Mikono ilianza kupoteza nguvu kabla akili haijakubali.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ndiyo inayonifanya niandike.

Kufuta diski kwa namna ile hakufuti maandishi. Ni kama kuchana kurasa za mwanzo za rejista ya shule: orodha imekwenda, ila watoto bado wamekaa madarasani. Maandishi yenyewe yanabaki mahali pake kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ile diski ilikuwa ya gigabaiti 250. Mint ilikuwa imechukua kama saba au nane, pamoja na alama zake ndogondogo ambazo Linux hutandaza huku na huku. Kazi ya Mwalimu, kwa sehemu kubwa, ilikuwa bado imo.

Na mimi nilijua. Siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo haiangalii orodha kabisa; inapita diski kipande kwa kipande ikitafuta mahali ambapo faili la aina fulani huanzia, na kulitoa. Nilikuwa nimeitumia kuokoa picha za harusi kwenye kadi ya kamera. Kilichotakiwa ni kuzima mashine saa ileile, nisiandike juu yake hata herufi moja, nichomoe diski, niiache PhotoRec ifanye kazi usiku kucha. Na nimwambie Mwalimu kwamba mashine yake itakaa kwangu wiki moja, na kwa nini.

Hiyo “kwa nini” ndiyo iliyonishinda. Niliona uso wake. Halafu niliwaona na wengine: kiongozi wa kwaya, karani wa kahawa, wote niliowaambia Linux haina shida. Kesho yake ingekuwa stori ya kijiji kwamba Linux inafuta kazi za watu. Nikajiambia naulinda mradi mzuri usichafuliwe. Kitu nilichokuwa nakisifia watu kwa sababu kila mtu anaweza kufungua ndani na kuona kinavyofanya kazi, nikakitetea kwa kuficha.

Saa kumi akaingia.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?”

Nikamwambia diski ilikuwa imeshakufa ilipofika, kwamba nimeokoa nilichoweza, na kwamba nimemwekea diski nyingine yenye mfumo mpya. Alinyamaza. Akauliza, “Na zile za mifongo?”

“Hizo zimeondoka na diski, Mwalimu.”

Aliweka mikono yote miwili juu ya kioo cha kaunta. Kucha zake zilikuwa na udongo. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akasema, “Pole na kazi. Umehangaika.” Mimi ndiye niliyepewa pole. Halafu akauliza diski mpya ni kiasi gani, na mimi, kwa kuwa uongo ukianza unataka kulishwa, nikasema elfu sitini. Alizihesabu mbele yangu, nyingine noti za elfu mbilimbili. Nilizipokea. Nilinunua tona.

Diski ile ile aliyokuja nayo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani. Kama ningekuwa kweli nimembadilishia, ile ya zamani ingebaki kabatini kwangu, salama, ikinisubiri nipate moyo. Uongo wangu haukuwa hata na gharama hiyo. Mwalimu alianza kuandika upya kila alichokumbuka, jioni kwa vidole viwili, na kila alipobonyeza kuhifadhi, mashine ilitafuta nafasi iliyo wazi. Nafasi hiyo, kwa mujibu wa orodha mpya, ilikuwa pamoja na pale zilipolala kurasa zake za zamani. Alikuwa anaandika kumbukumbu hafifu juu ya kumbukumbu kamili. Na kila sasisho nililomfundisha kuliweka kwa bidii, kila toleo jipya la Firefox, lilikanyaga kipande kingine.

Miaka karibu mitano.

Wazee wawili kati ya aliowahoji walifariki katika muda huo. Mmoja nilichapa ratiba ya mazishi yake, na picha ya jalada ililetwa na familia, ya studio, kwa sababu ile aliyopigwa na Mwalimu kando ya banio haikuwepo tena. Mwaka 2019 familia mbili za mfongo mmoja ziligombania zamu ya maji ya kumwagilia mboga wakati wa kiangazi. Kamati ilimfuata Mwalimu, maana ilijulikana kwamba aliandika. Nilikuwepo kwenye kikao. Alisimama akasema, kwa heshima, kwamba aliandika lakini diski ilikufa, na hataki kusema kwa kukisia jambo linaloweza kugombanisha ndugu. Waligombana. Mpaka leo watu wa nyumba zile hawazikani. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili, natazama viatu vyangu.

Na katika miaka yote hiyo Mwalimu aliipenda Linux. Alifurahia kuona Faili na Hariri kwa Kiswahili, akaniambia kwamba hatimaye kompyuta inazungumza naye kama mtu. Aliwaambia wenzake kwamba mashine yake haijapata virusi tangu siku ile. Watu walikuja kwangu wakisema wametumwa na Mwalimu. Kila Krismasi alinipelekea mkungu wa ndizi.

Desemba 2021 mjukuu wake mwingine, anayesomea kompyuta Dar, alikuja nyumbani kwa sikukuu kama ilivyo desturi yetu. Akakaa kwenye mashine ya babu yake. Kwenye Mint kuna programu ndogo ya kutazama afya ya diski, ambayo huonyesha pia diski imewaka kwa muda gani tangu ilipotengenezwa. Kijana aliona hesabu isiyoingia akilini kwa diski ya miaka mitano inayowashwa saa mbili au tatu za jioni. Ilikuwa na miaka mingi ya ofisi ndani yake. Akafungua kasha la mashine kama vile anapuliza vumbi, akasoma kibandiko.

Alinifuata dukani peke yake, asubuhi, kabla sijapanga vitu.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba.”

“Ile diski uliyomwekea babu, uliinunua wapi?”

Akaniwekea simu juu ya kaunta. Picha ya kibandiko, na tarehe ya kutengenezwa: 2010. Sikuwa na la kusema, na hakunishurutisha. Alisema tu, “Mimi simwambii. Utamwambia wewe. Narudi Dar tarehe mbili.”

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda mwenyewe kwa kusukumwa na dhamiri. Sikwenda mwenyewe. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimejulikana, na nilichelewa siku mbili nzima hata baada ya hapo.

Nilimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba anakatakata mgomba wa kumpa ng'ombe. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia kuchagua kufuta diski nzima, mpaka kwenye zile elfu sitini, na nikaziweka juu ya kigogo alichokuwa anakatia. Aliendelea kukata kwa muda. Panga likasimama nilipofika kwenye habari ya maandishi kubaki.

“Una maana zilikuwa humu humu? Muda wote?”

“Ndiyo, Mwalimu. Kila ulipoandika mapya, mengine yakawa yanafunikwa.”

“Kwa hiyo nilikuwa najifutia mwenyewe.”

“Hapana. Nilikuwa nakufutia mimi, kwa mkono wako.”

Hakunikemea. Naamini kama angenikemea ningepata nafuu. Aliokota zile pesa, akazihesabu kama alivyozihesabu siku ile dukani, akaziweka mfukoni. Kisha akamwita mjukuu wake akamwambia azime kompyuta, asiiguse mtu.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya tulikaa watatu dukani kwangu. Tulichomoa diski, tukaichomeka kwenye mashine yangu kwa waya, PhotoRec ikiandika inachokipata kwenye diski nyingine. Namba zilipanda polepole. Kengele za misheni zilipolia usiku wa manane ilikuwa haijafika hata nusu. Mwalimu alikataa kwenda kulala. Alijifunika koti, kwa maana huku Desemba usiku kuna baridi, akawa anatazama skrini kama anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji.

Asubuhi tulikuwa na maelfu ya faili, nyingi zikiwa takataka: vipande vya kurasa za intaneti, aikoni, mabaki ya masasisho. PhotoRec hairudishi majina, maana majina yalikuwa kwenye ile orodha iliyochanwa. Inakupa herufi ya f na tarakimu nyingi baada yake. Tulifungua moja moja. Picha zilikuja vizuri kuliko nilivyostahili. Katika picha ya mia na kitu alitokea yule mzee ambaye nilichapa ratiba ya mazishi yake, amesimama maji yakimfika vifundoni, ameshika jembe, anacheka. Mwalimu aliweka kidole kwenye skrini, akamtaja kwa jina la ukoo wake, akanyamaza.

Maandishi hayakubahatika hivyo. Ya mifongo tuliyopata yakafunguka yalikuwa kumi na saba. Mengine yalikuwa vipande ambavyo LibreOffice ilikataa kuvifungua, tukavikamua maneno kwa mkono. Yaliyobaki hayapo popote duniani.

Siku hizi kazi ya namna hii imeongezeka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za huku hazina sifa za kupokea Windows 11, kwa hiyo watu wananiletea wakiuliza kama ni kweli kuna mfumo wa bure. Bado ninaamini katika Linux, na ninaitumia kila siku, hata haya nayaandikia humo. Lakini kabla sijagusa mashine ninamkalisha mwenyewe mbele yake, anionyeshe kwa kidole chake kila mahali anapoweka vitu, na ninamwambia habari za printa na za kadi za harusi. Ninachomoa diski yake ya zamani, ninaiweka kwenye bahasha yenye jina lake, ninamkabidhi. Diski ya pili anainunua, na anapewa risiti. Wengine wanaghairi, wanaondoka na mashine yao ilivyokuja. Wale niliowahubiria zamani nimewapitia mmoja mmoja nikawaeleza. Karani wa kahawa alirudi kwenye Windows, na mimi ndiye niliyempigia.

Kitabu cha Mwalimu tumekichapa mwaka jana, nakala chache, kwa printa yangu na kwa karatasi zangu. Nilipokuwa nakipanga nilifika kwenye mfongo ule wa ugomvi. Tuna kipande chake, ni kimoja katika vile tulivyokamua kwa mkono. Kinaeleza banio lilipo, kinamtaja aliyeanza kuchimba, kinaorodhesha zamu za Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha kinasema zamu ya Alhamisi usiku ni ya ukoo wa, na hapo panaanza herufi za ovyo za sasisho la Firefox. Nilimuuliza Mwalimu kama niiondoe ile sentensi. Alisema niiache ilivyo, na chini yake niache nusu ukurasa mtupu, huenda yupo mtu mahali anakumbuka.